Kutoa Kilichoshindiliwa

Mambo mengi ya dunia huingia kwa wepesi na kutoka kwa shida. Mwiba huingia mguuni kwa hatua moja, lakini hutolewa kwa sindano, mafuta na machozi. Deni huingia nyumbani kwa neno moja la kukubali, na kutoka kwake huweza kuchukua umri wa mtu na nusu ya umri wa mwanawe. Katika vyombo vyote vilivyofanywa kwa mkono wa binadamu sikijui kimoja kinachoonyesha jambo hili wazi kuliko gobori, ile bunduki ya wazee wetu iliyokuwa ikilishwa kwa mdomo. Nataka, msomaji wangu, tulitazame pamoja swali ambalo labda hukulitazamia katika kitabu cha insha. Bunduki ya namna hiyo ikiisha kushindiliwa, kisha sababu ya kuipiga ikaondoka, mwenye nayo afanyeje? Aipige hewani ili iwe tupu? Aitundike ukutani vivyo hivyo ilivyo? Ama aketi chini akitoe kwa mkono kile alichokitia kwa mkono? Kazi yangu ni kuwafundisha watu watakaokuwa walimu, wala si kufundisha askari. Nami nimelichagua swali hili kwa sababu nimeona kuwa si la bunduki peke yake.

Yafaa kwanza tukijue chombo chenyewe, maana wengi wenu hamjakiona isipokuwa katika nyumba ya makumbusho. Gobori lina kasiba, yaani bomba refu la chuma, ambayo iko wazi upande mmoja tu. Upande wa nyuma imezibwa, ikaachiwa tundu dogo ubavuni. Mwenye kulishindilia hulisimamisha, akamimina baruti ya kipimo mdomoni, akaifuatisha kitambaa au makumbi ya nazi, kisha risasi ya duara, kisha kitambaa kingine cha kuizuia risasi isianguke; na kila mara huvisukuma vitu hivyo chini kwa mdeki, ule ufito mrefu unaokaa chini ya kasiba. Jambo la mwisho ni moto. Katika bunduki ya gumegume hutiwa baruti kidogo katika kifa, pale penye tundu, ili cheche za jiwe ziiwashe. Katika zile za baadaye huvikwa fataki mahali hapo. Moto hupita katika tundu lile dogo ukaifikia baruti iliyo ndani, nayo haina pa kutokea ila kule kule ilikoingilia.

Bunduki hizi zilifika pwani yetu kwa wingi katika karne ya 19. Majeshi ya Ulaya yalipopata silaha mpya za kutiwa risasi kwa nyuma yaliuza zile za zamani, na wafanya biashara wakazileta Unguja. Zikaenda bara wakati pembe za ndovu zikirudi pwani. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara hiyo katika sehemu kubwa ya Afrika. Lakini bunduki iliyokwisha ingia nyumbani haisomi mikataba. Ilikaa juu ya boriti, ikarithiwa pamoja na masanduku na sinia za shaba.

Sasa tazama tabia yake. Bunduki ya siku hizi hufunguliwa, risasi ikadondoka kiganjani, na mambo yakaisha. Gobori halina mlango wa nyuma. Kilichotangulia kuingia kiko chini kabisa, na kilichofuata kimekikalia juu. Kwa hiyo njia iliyo nyepesi ya kukitoa kilichomo ni moja tu, nayo ni ile ile iliyoundiwa. Chombo chenyewe humshauri mwenye nacho. Humwambia: umekwisha nishindilia, kurudi nyuma ni taabu, nipige.

Tena kwa sura ya nje gobori lililoshindiliwa na lililo tupu ni ndugu pacha. Ziko njia za kujua, na mojawapo ni nyepesi sana. Mdeki hutiwa polepole mpaka ugote, ukashikwa kwa vidole pale unapokutana na mdomo, kisha ukatolewa ukalazwa juu ya kasiba kwa nje. Ikiwa ncha yake inafika kwenye kifa, ndani hamna kitu. Ikiwa imepungua kwa vidole vinne, basi vidole vinne hivyo ni mauti ya mtu. Kipimo hiki ni cha dakika moja, na watu hukiacha kwa miaka. Katika bustani kubwa ya Central Park, mjini New York, palikuwa na mzinga wa zamani wa meli ya Kiingereza uliowekwa kuwa pambo. Umma ulipita mbele yake kwa miaka mingi. Mwaka 2013 mafundi waliokuwa wakiusafisha kutu walikuta ndani yake baruti na tufe lake. Mzinga ule ulikuwa umeshindiliwa muda wote huo, na hakuna aliyekuwa ameuliza.

Basi turudi kwenye majibu yetu matatu. Wako wasemao kwamba la kwanza ndilo bora: piga hewani, bunduki itoke, moyo utue. Naomba utazame kwanza risasi yenyewe. Iliyokwenda juu hurudi chini, na Amu ni mji wa vichochoro vyembamba na madari yaliyokaribiana, ambako watu hulala nje wakati wa joto. Katika nchi nyingi watu wamekufa harusini kwa risasi za furaha. Hewa haina mtu, lakini chini ya hewa wamo watu.

Lakini hata tukiisahau risasi, liko kosa lingine katika jawabu hili. Hudhani ya kuwa kupiga ni kumaliza. Kiasi cha mwaka 1812, watu wa Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa walishuka Shela, mwendo mfupi kutoka Amu, wakapigana na watu wa mji wetu. Masimulizi husema maji yalikupwa, vyombo vya wageni vikakaa juu ya mchanga mkavu, na waliotaka kukimbia hawakupata pa kukimbilia. Amu ilishinda ushindi mkubwa. Ulidhani washindi walilala? Walianza kuogopa kisasi. Hofu hiyo iliwapeleka kwa Seyyid Said wa Oman kumwomba ulinzi, naye akaleta liwali na askari. Na ngome iliyojengwa siku hizo, iliyokwisha mwaka 1821, ndiyo ile ile iliyokuja kuwa gereza mpaka mwaka 1984. Risasi za Shela zilitoka zote, na mara ikapasa kushindilia nyingine. Huko Witu, bara yetu, mwezi wa Septemba 1890 uligeuka ugomvi na Wajerumani kadhaa wakauawa. Mwezi uliofuata Admirali Fremantle wa Uingereza alikuja na askari wa manowari, mji ukateketezwa. Wangapi kati ya wale waliopoteza nyumba zao Witu walikuwa wamegombana na mtu? Moto haukuuliza.

Na mimi siwezi kujitoa katika hesabu hii. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, katika shule ambayo sitaitaja, kijana mmoja alinicheka mbele ya wenzake nilipokosea hesabu ubaoni. Siku ile sikusema neno. Nilikwenda na neno lile nyumbani, nikalala nalo, nikalishindilia. Asubuhi ya pili niliingia darasani nikasema juu ya watoto wanaokosa adabu kwa kukosa baba wa kuwafunza. Sikumtazama mtu, nilidhani nimepiga hewani. Baba wa kijana yule alikuwa kifungoni, jambo ambalo darasa zima lilijua isipokuwa mwalimu wao. Hakurudi shuleni kwa siku 9. Siku ya 10 nilikwenda kwao kuomba radhi. Mama yake alinitandikia mkeka, akanipa chai, wala hakunilaumu kwa lolote. Nimekunywa chai nyingi tangu hapo, lakini ile haijaisha kooni mwangu.

Jawabu la pili ni la watu wapole, na kwa sababu hiyo ni gumu zaidi kulipinga. Hao husema: usipige, weka. Bunduki iliyotundikwa haimdhuru mtu. Funga mdomo, meza hasira, siku zitapita. Nililisadiki jawabu hili mpaka nilipofika umri wa miaka 12, nami nitakueleza lililonitoa katika imani hiyo.

Nyumba ya babu yangu iko Mkomani, sehemu ya kaskazini ya mji wa kale wa Amu, ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya Unesco ya urithi wa dunia. Wageni hutembea mtaani kwetu wakitazama milango ya nakshi. Mimi ningewaonyesha kitu kingine, yaani wikio. Wikio ni chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili za jamaa, ili watu wa ndani, hasa wanawake, wapite huku na huko bila ya kushuka njiani. Sisi nasi tulikuwa na wikio, ila mlango wake ulikuwa umepigiliwa misumari. Niliuona hivyo tangu nilipopata fahamu, nikadhani iko milango iliyofanywa kwa ajili ya kutofunguka.

Mafundi walikuja kubadilisha boriti zilizoliwa na mchwa. Juu ya boriti ya chumba kinachopakana na wikio walikuta gobori lililofungwa katika kipande cha jamvi. Ami yangu, aliyekuwa karibu kuoa, alilichukua kwa furaha akasema, "Baba, hili tutalipiga usiku wa harusi yangu." Babu alikuwa ameketi akitengeneza tasbihi iliyokatika. Hakuinua sauti. Alisema, "Liweke chini. Mdomo uelekee ukutani. Usiliguse tena, mwanangu." Kisha akatueleza habari ambayo wanawe wenyewe hawakuwa wameisikia.

Baba yake na ami yake waligombana kwa ajili ya chumba kile cha wikio baada ya kufa mzazi wao. Kila mmoja alisema ni cha upande wake. Usiku mmoja, baada ya maneno mabaya, baba yake alilishindilia gobori akaketi nalo akiuelekea mlango wa wikio, akimngoja ndugu yake avuke. Babu alikuwa mtoto wa miaka kama 7, naye alikuwa macho chini ya shuka. Ndugu yule hakuvuka. Iliposikika adhana ya alfajiri, baba yake alilifunga gobori katika jamvi, akaliweka juu, akachukua nyundo na misumari. Watu wa mtaa walimsifu kwa subira. Alikufa na sifa hiyo.

Tuipime subira hiyo, msomaji, bila ya kumvunjia heshima marehemu. Kuacha kupiga ni jambo jema. Ndugu aliamka hai. Lakini je, kuacha kupiga ndiko kutoa? Baruti ya zamani ni shura, kiberiti na makaa, na vitu hivi vitatu vikikaa pakavu havizeeki kama sisi. Aliyeshindilia alizeeka. Hasira yake ilizeeka pia, na pengine ilikufa mbele yake. Baruti haikufa. Lililonistusha mimi zaidi ni hili: kama bunduki ile ingalilia, ingalilizwa na ami yangu siku ya furaha yake, mtu asiyekuwa na hasira na kiumbe, asiyejua hata kama palikuwa na ugomvi. Ndivyo ilivyo chuki inayowekwa juu bila ya kutolewa. Hupigwa na mikono isiyokuwa na kosa. Watoto wa nyumba mbili huambiwa, "Wale hatuendi kwao," nao hawaendi. Ukiwauliza sababu hawana. Wamerithi risasi bila ya kurithi ugomvi.

Wala sisi wa nyumba ile hatukuwa maadui wa nyumba ya pili. Tulisalimiana njiani. Babu na mwana wa yule ami yake, mzee aliyekuwa fundi wa majahazi, walikuwa wakiswali katika msikiti mmoja kwa miaka zaidi ya 50. Lakini hakuna aliyekuwa amekanyaga kizingiti cha mwenziwe.

Sheria inataka silaha iliyookotwa ipelekewe serikali habari, na babu alimtuma ami yangu polisi siku ile ile. Alikuja askari kijana, mwenye adabu. Alilitazama gobori akasema kwamba atalichukua, lakini hatalipitisha sokoni likiwa limeshindiliwa, naye hakupata kufundishwa kulitoa. Akauliza kama yuko mtu mtaani ajuaye. Babu alinyamaza muda mrefu. Alijua kuwa yuko mmoja tu, aliyekuwa akichukua gobori la baba yake ujanani kulinda mashamba ya bara dhidi ya ngedere na nguruwe mwitu. Akavaa kofia, akashuka ngazi. Kwa njia ya wikio ingekuwa hatua 6. Kwa njia ya chini alizunguka msikiti mzima. Nilimfuata. Mlangoni kwa yule mzee alibisha hodi kama mgeni, na alipokaribishwa hakuingia kwanza. Alisema, "Ndugu yangu, nyumbani kwangu mna kitu kilichotiwa kwa ajili ya baba yako. Nakuomba uje unisaidie kukitoa."

Nimefika kwenye jawabu la tatu, nami nitalieleza kama nilivyoliona. Lakini kabla ya hapo nakupa onyo moja la mwalimu: wewe ukikuta bunduki ya zamani usifanye hata moja la haya. Toka chumbani, wazuie wadogo zako, mwite mtu mzima na polisi. Nilichokiona kilifanywa na mtu aliyekijua.

Jambo la kwanza mzee alimtoa kila mtu mbele ya mdomo na nyuma ya kitako. La pili aliuondoa moto. Fataki ilikuwa bado imevikwa, na mtambo umeikalia. Aliidondoshea mafuta, akangoja, akauinua mtambo kidogo kwa kidole gumba bila ya kuuachia, akaubandua ule mshipi mwembamba wa shaba kwa kijiti cha mti. Hakutumia chuma kwa kuogopa cheche. Tazama utaratibu huu. Moto uliokuwa wa mwisho kuingia ulikuwa wa kwanza kutoka, na kabla haujatoka hakuna lingine lililoguswa. Watu wengi hutaka kupatanishwa wakati fataki iko mahali pake: huleta ushahidi, huita wazee, hupima nani alianza, na huku kila neno ni nyundo.

La tatu lilikuwa maji. Aliyatia kwa tundu la kifa, tone kwa tone, kisha akajaza kasiba kwa mdomoni, akaliegemeza gobori pembeni mwa uani, mdomo ukielekea mahali pasipo mtu. Akasema, "Kesho." Ami yangu aliguna, alidhani kazi ni ya nusu saa. Wazee wetu wa kusini, katika Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905, waliambiwa kuwa maji yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, wakafa kwa maelfu mengi, Mungu awarehemu. Maji hayaizuii risasi iliyokwisha toka. Huizuia baruti ambayo bado haijawaka, nayo hutaka muda wa kupenya, kwa kuwa shura huyeyuka polepole. Na hata hapo mzee alituonya kwamba baruti iliyolowa kisha ikaachwa ndani ikakauka huweza kuwaka tena. Neno hili nimelikumbuka kila nilipoona watu waliopatanishwa Ijumaa na kugombana Jumatatu. Walilowa tu.

Kesho yake alirudi na chuma chembamba chenye meno ya skurubu, akakifunga kwenye ncha ya mdeki. Alisimama ubavuni, hakuuweka uso wala kifua mbele ya mdomo, na mdeki aliushika kwa ncha za vidole, si kwa kiganja kilichofumbwa, ili kama mambo yangekwenda mrama mdeki uende peke yake bila ya mkono wake. Alizungusha na kuvuta, akazungusha na kuvuta. Kitambaa cha juu kikatoka. Kilikuwa kipande cha leso, chekundu bado upande mmoja. Babu akakipokea akakitazama. Kilikuwa cha leso ya mama yake.

Hapa nitasimama kidogo, maana najua lililo moyoni mwa baadhi yenu. Mtasema: haya ni mambo ya wazee waliochoka, je, mtu aliyedhulumiwa naye aambiwe atoe risasi? Haki yake iende wapi? Swali hili ni la kweli, na wapatanishi wengi hulikimbia. Mimi nasema kutoa baruti si kutoa haki. Swali la nani mwenye chumba cha wikio halikutoka pamoja na kitambaa kile. Lilibaki, likapelekwa kwa kadhi miezi kadhaa baadaye kwa ridhaa ya pande zote mbili, na hukumu haikuwa tamu sana kwa upande wetu. Lakini kwa muda wa zaidi ya miaka 50 hakuna aliyethubutu hata kuliuliza swali lile, kwa sababu lilikuwa limelala chini ya risasi. Ajuaye kwamba ana haki ndiye apasaye kuwa wa kwanza kuuondoa moto, apate kusikiwa. Nakiri kuwa wako wadhalimu ambao hawasikii ila sauti ya bunduki, na mtu aliyevamiwa usiku na mwizi halaumiwi kwa kujilinda. Siandiki juu ya mwizi. Naandika juu ya ndugu, jirani, mwanafunzi mwenzako, mwalimu wako; na magobori mengi ya mioyoni mwetu yameshindiliwa kwa ajili ya hao.

Mwingine atasema ni woga. Huyo hakuuona mkono wa mzee yule. Kushindilia huweza kufanywa na mtu mwenye hasira, gizani, kwa dakika mbili. Kupiga huweza kufanywa na mtoto. Kutoa kulichukua siku mbili, kukataka mtu mwenye maarifa, mafuta, maji, chombo chake mwenyewe, na uso usiogeuka kila chuma kinapokwaruza. Kulitaka pia jambo lingine ambalo mwenye bunduki hakuwa nalo nyumbani, ikambidi alifuate kwa ukoo aliokuwa amenuniwa nao. Sikumwona babu akitetemeka mbele ya gobori. Nilimwona akitetemeka pale mlangoni kwa nduguye, kabla ya kubisha hodi.

Risasi ilikataa kwa muda. Ilikuwa imeshikwa na kutu ya kasiba. Mzee alitia mafuta, akangoja tena, akairejea. Kwa kuwa ni madini laini, meno ya skurubu yaliiuma barabara, nayo ikapanda kwa mlio mwembamba ambao kila aliyekuwa uani aliusikia. Ilianguka juu ya sinia, ikabingirika, ikasimama. Nyuma yake kikatoka kitambaa cha chini, kisha tope jeusi lenye harufu ya mayai yaliyooza. Wakamimina maji ya moto mpaka yakatoka meupe. Askari aliupima mdeki yeye mwenyewe kama alivyoelekezwa, na ncha ikafika kwenye kifa.

Mzee hakusimama kwenda zake. Aliiokota risasi, akaisugua kwa upande wa kikoi chake, akaipima uzito mkononi. Akauliza, "Hii ndiyo iliyokuwa ya baba yangu?"

Babu akasema, "Ndiyo, ndugu yangu. Ya baba yako."

Mzee akaigeuza. Akasema, "Ndogo."

Bibi alileta kahawa, wakanywa bila ya maneno mengi. Askari alilichukua gobori, risasi akamwachia mzee baada ya kufikiri kidogo. Kabla ya kuondoka mzee alikwenda chumbani akautazama mlango wa wikio kwa upande wetu, upande ambao hakupata kuuona maishani mwake. Alipitisha kidole juu ya vichwa vya misumari, akavihesabu kimoja kimoja, akasema kuwa akiving'oa kwa nguvu ubao utapasuka. Juma la pili alikuja na kopo la mafuta na brashi ya manyoya. Alivipaka vyote, akatuambia tuviache, akasema atarudi Jumamosi.